Maji ya Tundu la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Pua inavuja tena. Tundu la kushoto tu, maji maangavu kama ya bomba, yana chumvichumvi. Nikisimama, kimya. Nikiinama, tone! Na mimi ni kinyozi, kuinama ndiyo kazi yenyewe. Wiki hii mwenye saluni anaamua nani apewe kiti cha dirishani, mimi au kinyozi mwenzangu Wembe. Wembe akijua, kwisha habari yangu. Nimeziba kwa pamba.

Jumanne, 4 Machi
Pamba imenisaliti. Tone limeanguka katikati ya upara wa mwalimu mstaafu. Akauliza ni nini hicho. Dawa mpya ya kuotesha nywele, nikamwambia. Akaomba la pili! Wembe akanuna, akawaambia wateja siku hizi nimevimba kichwa. Kijicho tu.

Alhamisi, 6 Machi
Mwalimu karudi na shemeji yake, naye kipara. Anaapa kuna vinywele vinavyoota. Kiti nakiona kabisa! Asiyeonekana ni Wembe: akipita kulia kwangu simwoni mpaka nimkanyage. Kichwa nacho kinagonga. Mke wangu kasema mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamjibu haya si maradhi, ni mtaji. Yeye tayari alikuwa akitafuta viatu vyake.

Ijumaa, 7 Machi
Hospitali, kwa kuburutwa. Daktari akatazama picha, akasema nina uvimbe kichwani. Nikasimama! Nikamwuliza ameongea na Wembe lini. Mke akanivuta shati, nikaketi. Kumbe ni uvimbe kweli, kwenye tezi chini ya ubongo. Umetoboa mfupa, na yale si mafua, ni maji ya ubongo. Usipotolewa nitapofuka. Watautoa kupitia puani. Naogopa. Na mwalimu wa watu nimempaka nini!

Jumatano, 19 Machi
Wodini. Uvimbe umetoka, tundu la mfupa limezibwa kwa kiraka, pua kavu. Naona hadi pembeni. Daktari kakataza kupenga na kuinama. Kiraka kikiachia, narudi kwenye kisu. Mke wangu kalia, nami nikalia. Nimemwapia: hila basi.

Alhamisi, 20 Machi
Mwalimu kaja kunijulia hali, kichupa kitupu mkononi. Wembe amepewa kiti cha dirishani. Wembe! Lakini hana dawa, na wateja wananiulizia mimi. Mke ameenda kununua sabuni. Nimemwomba mwalimu arudishie mlango, akinge kichupa vizuri. Nainama kidogo tu.