Presha Yangu, Mkono wa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Leo wametupima afya kazini. Nilikaa kwenye kiti cha muuguzi nikipiga mluzi. Akanifunga mkanda mkononi, ukaanza kujaa upepo, ukanibana kama mtoto aliyeona mbwa. Mashine ikalia. Mia moja sabini na nane juu, mia moja na nne chini.

Nikamshukuru! Nilidhani ni alama. Nikauliza kama kuna mwenzangu yeyote aliyenipita.

Muuguzi hakucheka. Akaniuliza nani atanisindikiza nyumbani.

Presha! Mimi! Mimi ninayeendesha kreni ndefu kuliko jengo lolote mtaa huu, ninayeshusha nondo kwenye zege mbichi kama mtu anayelaza mtoto mchanga! Daktari wa kampuni akaitwa, akapima tena, akasema vile vile. Sipandi kreni mpaka nilete cheti cha kituo chochote cha afya kuonyesha kwamba presha imeshuka. Nitaanza kumeza kidonge kimoja kila asubuhi, na nisiache hata nikijisikia mzima.

Lakini mzima ndivyo ninavyojisikia! Hilo ndilo lililonipumbaza. Ndani yangu kuna dhoruba, kumbe mimi nilikuwa napiga mluzi.

Nimekitazama hicho kidonge. Cheupe. Kidogo kuliko kifungo cha shati. Nimeona ni dharau. Nimeficha boksi lote ndani ya kiatu cha harusi. Nitaishusha presha mwenyewe, kwa akili.

Mke wangu sijamwambia.

Jumanne, 4 Machi

Nimewekwa stoo. Nagawa glavu na kofia ngumu. Kreni yangu amepewa Unyoya, kijana mwembamba ambaye akipanda ngazi huoni kama kuna mtu. Kila akishusha mzigo natoka nje kutazama. Anashusha vizuri. Inaniuma.

Mbinu ya kwanza: utulivu. Jioni nimelala chali sebuleni, macho nimefumba, nawaza mawingu. Nimevuta pumzi polepole hadi vidole vikafa ganzi. Nikaisikia presha ikishuka kabisa, kama maji kwenye beseni lililotobolewa. Nikataka ushahidi. Duka la dawa lilikuwa karibu kufungwa, nikakimbia mpaka kule. Muuza dawa akanipima nikiwa bado nahema.

Imepanda!

Nikamwambia mashine yake mbovu. Akajipima mwenyewe. Mashine nzima.

Mke wangu ameniuliza kwa nini nimelala sakafuni kama maiti. Nikasema ni mgongo. Akanitazama kwa muda. Huyu mwanamke ananitazama kama anayesoma gazeti.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji amekuja kula. Ni mdogo wake mke wangu, mwalimu wa michezo, mseja, hana tumbo hata la kuazima. Kila asubuhi anakimbia kuzunguka mtaa mzima na kuhakikisha kila mtu amemwona.

Mezani alinihubiria. Akasema watu wa makamo wanaojaza mafuta kiunoni wanaua moyo. Akakunja mkono wa shati atuonyeshe mishipa yake. Akasema daktari hajui hata sura yake, hajawahi kupimwa kitu tangu amalize shule, wa nini? Yeye shida yake ni kichwa tu kinachomgonga asubuhi, na hicho ni jua.

Nilikuwa na hasira za kummeza mzima mzima. Halafu, kijiko kikiwa njiani kwenda mdomoni, wazo likanishukia.

Mkono ule!

Cheti hakina picha. Sisi wote tuna upara. Kule kituo cha afya hakuna anayenijua. Nikimpeleka yeye akapimwa kwa jina langu, Jumatatu niko juu ya kreni!

Nilimwita barazani. Nikamwambia siri yangu, nikamwambia kwamba nchi nzima hakuna mwingine mwenye moyo kama wake. Alijaribu kukataa kwa sekunde moja hivi. Sifa zikamwingia. Akasema watashangaa wakiiona presha yake.

Ijumaa, 7 Machi

Walishangaa.

Nitaeleza kwa mpangilio.

Tulifika mapema. Shemeji akatoa kadi niliyopewa na daktari wa kampuni, yenye jina langu, akakaa, akanyoosha mkono kama anayevishwa medali. Mimi nilisimama mlangoni nikijifanya ndugu wa mgonjwa. Mashine ikabana, ikaachia. Muuguzi akaitazama. Akafunga mkanda upande wa pili. Akaitazama tena. Akatoka, na viatu vyake nikavisikia vikikimbia.

Mia mbili kumi na nne kwa mia moja ishirini na sita!

Daktari alikuja, mama mfupi mwenye miwani mikubwa. Akamlaza Shemeji kitandani, akamuuliza kama anaona vizuri, kama kifua kinamuuma, kama upande mmoja wa mwili una ganzi. Shemeji akaingiwa na hofu. Akapiga kelele kwamba si yeye, presha hiyo si yake, ni ya mtu mwingine!

Daktari akamuuliza kwa upole jina lake nani. Shemeji akataja jina lake halisi. Daktari akasoma kadi. Jina langu. Akamuuliza anafanya kazi gani. Mwalimu wa michezo. Kwenye kadi: dereva wa kreni. Daktari akamgeukia muuguzi akasema, "Amechanganyikiwa. Damu inagonga ubongo. Haraka!"

Wakaja wengine wawili. Kadiri Shemeji alivyoapa kwamba yeye ni yeye, ndivyo walivyozidi kukimbia. Mmoja akaanza kumshika miguu. Shemeji akanitazama. Sijawahi kuona macho kama yale. Yalikuwa macho ya mtoto mdogo aliyepotea sokoni.

Ningeweza kunyamaza. Cheti kilikuwa kimeshaharibika hata hivyo. Lakini mdomo ulifunguka wenyewe.

"Daktari, anasema kweli," nikasema. "Hilo jina ni langu. Nilimleta anipimie."

Daktari akavua miwani.

"Ulimleta akupimie presha?"

"Ndiyo."

"Kwa mkono wake?"

"Ndiyo, daktari."

Akarudisha miwani usoni. Kisha akasema, "Basi leo umemwokoa, na sijui hata nikupongeze au nikuitie polisi."

Akasema kichwa kile cha asubuhi hakikuwa jua. Akasema wembamba na mbio ni vitu vizuri, lakini presha haiulizi mtu ana tumbo au hana. Angeendelea kungoja, wiki au mwezi, asingejua hata kilichomwangusha. Wakampa dawa, wakamlaza hadi jioni, wanampima, wanampima tena.

Kisha akaninyooshea kidole mimi. Kaa! Nikakaa. Ya kwangu ikatoka vile vile kama Jumatatu. Nikaanza kumweleza habari za mawingu. Akanikatiza. Akatoa kile kifaa chake cha masikioni, akaniwekea masikioni mwangu mimi, na upande wa pili akaubandika kifuani pangu.

"Sikiliza," akasema.

Nikasikia. Du-dum. Du-dum. Du-dum.

Sijui niandike nini. Nimeendesha mitambo maisha yangu yote. Najua injini ikilalamika, najua waya wa chuma ukichoka. Na huyu hapa, ndani ya fulana yangu, mtambo ulioanza kazi kabla sijazaliwa! Haujawahi kuomba likizo. Nikilala unasukuma. Nikigombana na Unyoya kimoyomoyo unasukuma. Daktari akasema sasa unasukuma kwenye mabomba yaliyokaza, kila pigo ni kama kuinua mzigo uliozidi kipimo. Mimi mzigo uliozidi kipimo siuinui hata niamriwe na mkurugenzi! Na yeye nimembebesha miaka yote hiyo, naye kimya.

Machozi yalinitoka. Nikasema ni vumbi. Daktari akasema hakuna vumbi humu.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu anajua yote. Shemeji alimwambia kabla hata hajavua viatu.

Asubuhi akaniita "mume wangu". Akiniita hivyo najua kumekucha. Nikajiandaa kwa mvua ya maneno. Haikunyesha. Alikuwa ameketi kitandani na kile kiatu cha harusi mapajani. Boksi lilikuwa mkononi mwake.

Akaniuliza kama nakumbuka alivyokufa baba yake. Nikasema ghafla, ndivyo tulivyoambiwa. Akasema, "Alikuwa anafunga kamba za viatu. Aliinama, nikaona kama anatafuta kitu chini. Nikamuuliza unatafuta nini, baba. Nilimuuliza mara mbili."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kulisikia hilo.

Akasema jana alikuwa karibu kuwapoteza wawili, mume na ndugu, na wote wapumbavu. Kisha akaniwekea kidonge kiganjani, akanipa glasi ya maji, akasimama mbele yangu kama askari wa zamu.

Nikakimeza. Nikangoja. Nilitegemea ngurumo, joto, chochote. Kimya! Ndege wanalia nje. Kitu kidogo kuliko kifungo kimeingia gizani mwangu kwenda kulegeza mabomba yote, na hakuna aliyekielekeza njia. Kimejuaje pa kwenda? Nimekaa nikiwaza hilo mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 19 Machi

Kidonge nameza kila asubuhi. Nikiinuka ghafla kichwa kinayumba kidogo, daktari alinitahadharisha, kwa hiyo nainuka kwa madaha kama bibi harusi.

Chumvi ndiyo taabu. Mke wangu ameifuta nyumbani. Mayai yana ladha ya karatasi. Mbinu: nimeijaza chumvi kwenye kopo tupu la unga wa miguu, ule wa kuondoa harufu kwenye viatu. Nani atalishuku? Naenda nalo kazini kila siku.

Leo mchana nimenyunyizia yai kwa mkono mkarimu. Nikauma. Mdomo ukajaa manukato na ubaridi wa ajabu! Kumbe mke wangu alilikuta kopo, akaonja, akamwaga chumvi yote, akajaza unga wa miguu halisi. Jioni aliniuliza tu miguu inaendeleaje.

Namwogopa. Namheshimu. Sijui kipi kimetangulia.

Jumatatu, 31 Machi

Mia moja thelathini na mbili kwa themanini na nne!

Daktari mwenye miwani amepima mara mbili, mkono wangu mwenyewe, akasaini cheti. Akasema kazi nzuri ni ya dawa, na niendelee nayo. Presha kushuka si kwamba imeondoka, imeshikwa tu.

Nimepanda kreni! Nimepanda polepole, nikipumzika kwenye kila kibaraza cha ngazi. Unyoya alinipisha kiti, akasema alikuwa anakitunza tu. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kumwambia. Yakapotea.

Kutoka juu nimewaona watu wote wa saiti. Mafundi zege, wabeba matofali, mama anayefagia ofisini, msimamizi na mikono yake kiunoni. Wadogo kama punje. Na kila punje ina mtambo wake kifuani, unasukuma bila kupumzika, na karibu wote hawajui una hali gani. Mji mzima unadunda! Nilikaa mbele ya vishikio vya kuendeshea nisiviguse. Msimamizi akapiga kelele kwenye redio kwamba nondo zinangoja, nimelala? Nikamjibu nawasikiliza. Akauliza nani. Nikaanza kushusha nondo.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo ilikuwa kliniki yangu na Shemeji, pamoja. Mke wangu ndiye aliyetupangia, ili tutiane moyo. Shemeji alifika nyumbani na gari jipya, akaliegesha mbali na kila ukuta.

Nimetoka na mia moja thelathini. Nikaketi nikitabasamu. Akaingia Shemeji. Akatoka na mia moja ishirini na nane!

Nikasema mkanda wake ulilegea. Akasema mimi nilipimwa nimelala. Nikasema yeye anakunywa vidonge vya aina mbili, huko ni kuiba. Akasimama. Nikasimama, tena ghafla, nikaona nyota. Tulipiga kelele hata wagonjwa wa meno wakatoka kutazama. Muuguzi akatushika wote wawili, akatupima papo hapo. Presha zote mbili zimepanda! Yangu kidogo zaidi ya yake.

Daktari akatukalisha kama watoto wa chekechea. Akasema presha si mashindano. Akasema kila mtu ajali moyo wake, na anayetaka kushinda aanze kwa kutulia.

Nimemwelewa sana. Amesema kweli tupu. Tumerudi nyumbani tumeshikana mikono, mke wangu akafurahi.

Kliniki ijayo nitafika nimetulia tuli. Nitamwacha Shemeji atangulie kukaa. Mkanda ukishaanza kujaa upepo, nitainama na kumnong'oneza, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba nimerudisha nyuma gari lake jipya na limegusa ukuta. Kidogo tu. Upande wa taa.