Mtoto Huyu Aandikwe kwa Nani?

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Hospitali,

Salamu kutoka wodi ya wazazi, ambako waraka wako wa kulipwa kwa utendaji tumeusoma mara mbili. Sisi wakunga hatuupingi. Anayefanya zaidi apate zaidi, ni haki yake. Ila umeagiza alama ya malipo iende kwa mkunga anayempokea mtoto, na hapo ndipo tulipokwama:

1. Watoto hawajausoma waraka. Jumatatu nilimkanda mama mmoja mgongo tangu asubuhi, akanitukana mimi na ukoo wangu wote, nikaitikia kwa heshima. Nimekabidhi zamu, hata viatu sijabadili, mtoto huyo! Alama ikaenda kwa mwenzangu, tunayemwita Mikono Baridi, ambaye alichofanya ni kunyoosha mikono tu.

2. Tangu hapo zamu ikiisha haondoki mtu. Jana tulijipanga wakunga watano mbele ya kitanda kimoja, glavu tumevaa, kama magolikipa wanaosubiri penalti moja. Mama wa watu akaomba akajifungulie kwake, kwenye nafasi.

3. Juzi alikuja mama mwenye uchungu wa uongo. Nikampima, nikamtuliza, akaenda zake anacheka. Alama: sifuri. Naona aibu kusema, lakini nilitamani abaki.

4. Mikono Baridi na mimi tumefanya kazi pamoja miaka kumi na mmoja. Sasa hatusemezani, chai tunakunywa kila mtu na ukuta wake. Hili linaniuma kuliko hizo alama.

Kwa hiyo naomba alama zigawanywe kwa haki: kukanda mgongo, robo, kufuta jasho, robo, kutukanwa, nusu, na tusi linalomgusa mama yangu mzazi lihesabiwe mara mbili. Kina mama nao waelekezwe kwa maandishi wajifungue kabla ya saa nane mchana, zamu yetu inapoisha. Wewe, mheshimiwa, tutakupima kwa nyaraka ulizoacha kutoa.

Nisalimie wote nyumbani, hasa mama watoto, ambaye mapacha wenu niliwapokea kabla alama hazijavumbuliwa.

Wako mtiifu,
Mkunga wa zamu ya asubuhi

Tanbihi: Nikiwa natia sahihi, Mikono Baridi ameniita mbio, mtoto alikuwa anatanguliza miguu. Tumemtoa pamoja, mikono minne, na analia vizuri. Mwenzangu akaandika jina langu kwenye daftari la alama. Nikalifuta, nikaandika lake. Akalifuta, akarudisha langu. Ukurasa umechanika. Yote niliyoomba hapo juu yaache, mheshimiwa. Tuletee daftari jingine, lisilo na mahali pa jina la mkunga.