Majani Yamegeuka Bila Mimi

Jumatano, 23 Oktoba

Nimeshinda! Ukoo mzima wa Hatcher unapanda milimani wikendi niliyoichagua mimi. Miaka thelathini mfululizo mzee Royce Hatcher ndiye aliyekuwa anachagua wikendi ya kwenda kuangalia majani yakigeuka rangi, na hajawahi kukosea. Mwaka huu kapasuliwa goti, hana hamu. Nikajitosa. Nikamwambia nina hesabu yangu mwenyewe. Mvua za Agosti, baridi ya Septemba, rekodi za miaka kumi na minne nilizozichimbua maktaba peke yangu, bila mwalimu. Jibu: Jumamosi, tarehe 26. Siku hiyo majani ya bonde la Cutler's Ford yatawaka kama mkaa.

Garrett aliuliza kama hesabu yenyewe niliifanya kwa vidole vya mikono au ilibidi nivue na viatu. Garrett ni mume wa Lorna, dada yake Delia. Anajua kila kitu na ana gari kubwa. Sasa ananiita Profesa.

Delia, binti wa mzee Royce, ndiye wangu. Kapata kazi Oregon, upande wa pili wa nchi, na anatakiwa kutoa jibu kabla Jumatatu haijaisha. Pete ninayo, imelala ndani ya soksi. Mpango: majani mekundu nyuma, mimi goti chini, yeye analia, Oregon kwisha habari yake.

Leo jioni akasema tuache safari, tubaki nyumbani, ana jambo anataka tuongee. Nikamwambia avute subira mpaka Jumamosi. Hajui kinachomngoja!

Ijumaa, 25 Oktoba

Siku nyeusi. Niandike kwa mpangilio.

Saa nane mchana tumepita Cutler's Ford, chini bondeni. Moto! Nyekundu, rangi ya chungwa, njano ya kuumiza macho. Mzee akanipiga bega, akasema kijana, umejitahidi. Garrett kimya kabisa. Kimya chake kitamu kama asali. Delia kanishika mkono.

Tukaanza kupanda. Nyumba niliyokodi iko juu kabisa. Nilichagua ya juu kuliko zote kwa sababu ya mandhari, nani anataka mandhari ya chini? Tukapanda. Masikio yakaziba. Nyekundu ikawa kahawia. Tukapanda tena. Kahawia ikawa hakuna.

Juu ni fito tupu. Mlima mzima kama mafagio yaliyosimamishwa kichwa chini.

Garrett alizima gari, akashuka, akavua kofia na kuiweka kifuani kama yuko msibani. Akaniuliza kwa upole marehemu alifariki lini.

Mzee akaeleza, na kilichoniuma ni kwamba alieleza bila kunicheka. Majani huanza kugeuka juu, baridi inakoanzia, halafu rangi inashuka mlima taratibu, wiki baada ya wiki. Hapa juu yalishapukutika tangu mwanzo wa mwezi. Kila mtoto wa huku anajua. Mimi pia ni mtoto wa huku! Hesabu yangu haina kosa hata moja. Kosa liko kwenye mlima.

Delia akasema haidhuru, hewa nzuri. Akasema haidhuru mara tatu. Mtu akisema haidhuru mara tatu, imedhuru.

Lakini nimeshapata wazo.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kama majani hayako juu, yapandishwe.

Alfajiri nimeazima gari la Garrett (amelala, sikumwamsha, ni adabu) na kushuka bondeni na mifuko ya taka. Nikaona uwanja wa bibi mmoja umejaa majani mekundu, mazuri ajabu. Nikaanza kuzoa. Bibi akatoka, nikajua nimekwisha. Kumbe alidhani nimetumwa na kanisa. Akanibariki, akaniletea juisi ya tufaha ya moto na donati mbili, kisha akanionyesha uwanja wa nyuma. Ungefanya nini? Nimezoa na wa nyuma. Nimesafisha na mifereji ya paa. Saa mbili nzima zimepotea.

Narudi juu mbio. Mbele ya kibaraza, pale Delia anapokunywa kahawa, kuna mwaloni mmoja mkubwa, mtupu. Ngazi nikaipata stoo. Stepla ninayo, natoka nayo kazini kila Ijumaa. Nikapanda. Jani, pini. Jani, pini. Mpaka saa nne nimebana majani mia nne na ushee. Ukitazama ukiwa umefumba jicho moja, mti ulikuwa hai.

Delia akatoka na kikombe chake. Mzee nyuma yake na mkongojo. Mzee akaugusa mti kwa mkongojo.

"Kijana," akasema, "huu mwaloni umezaa majani ya mti mwingine. Na yana pini."

Garrett alipiga picha kumi na moja. Nilihesabu.

Halafu Delia akacheka. Si kicheko cha kejeli. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi za kibaraza, akajifuta machozi kwa mkono wa sweta. Akaniambia nishuke, nikae naye, kahawa bado ina moto. Akapapasa mbao pale pembeni yake. Mzee akamvuta Garrett ndani kwa kola, eti wakaangalie mikate. Pete ilikuwa mfukoni, ndani ya soksi yake.

Na ndipo upepo ukaanza! Majani manane yakachomoka kwa mpigo mmoja. Nikamwambia Delia asubiri, dakika moja tu, niyarekebishe. Huwezi kumchumbia mtu chini ya mti unaonyonyoka. Upepo ukazidi. Nabana matatu, yanachomoka matano. Kila nikigeuka namwona bado amekaa, kahawa imekwisha, anaangalia juu. Saa sita pini zikaniishia. Niliposhuka hakuwepo. Alikuwa ameenda kutembea na baba yake.

Mti una majani kumi na saba. Kesho mpango wa pili.

Jumapili, 27 Oktoba

Mpango wa pili ulikuwa hauna kasoro. Wakati wa kurudi, tusimame kwenye ile kona juu ya Cutler's Ford, bonde lote linawaka chini, goti, pete, kwisha.

Sikuwaza kitu kimoja. Kama hii ndiyo wikendi ya majani, basi watu wote wa jimbo wanajua ndiyo yenyewe. Saa nne tumeingia kwenye foleni ya magari isiyoonekana mwanzo wala mwisho. Saa saba tulikuwa bado tunaiona ile nyumba. Garrett kwenye usukani alisema anaomba nafasi kwa heshima zote: Profesa alikokotoa na hili?

Mzee akasinzia. Delia yuko pembeni yangu kiti cha nyuma, simu mkononi. Halafu akaiweka pajani.

"Tobin, niulize kitu. Chochote unachotaka. Hapa hapa."

Garrett alizima redio. Garrett! Nikaona macho yake kwenye kioo, hayachezi.

Nikatazama nje. Upande wangu kulikuwa na pipa la taka. Upande wake, mwanamume amegeukia kichaka anajisaidia. Nawezaje? Jambo la maisha, picha yake iwe ile? Nikamwambia, mpenzi, subiri tufike kwenye kona, mita mia tatu tu.

Mita mia tatu zilichukua saa moja na dakika kumi. Kwenye kona palikuwa na basi la wazee wa kwaya, limeegeshwa kwa ubavu, limeziba bonde zima. Nikashuka kumsihi dereva asogeze. Alikuwa anakula. Niliporudi kwenye gari Delia alikuwa ameshatuma ujumbe Oregon. Amekubali.

Mpaka nyumbani Garrett hakuniita Profesa hata mara moja.

Jumatatu, 28 Oktoba

Sijala. Nimekaa sakafuni na soksi.

Garrett alipita asubuhi kuleta stepla yangu aliyoibeba kimakosa, akakaa muda, akaniambia alivyomchumbia Lorna: kituo cha mafuta, mvua, ana soseji mkono mmoja. Maskini Lorna. Nimemwonea huruma kwa kweli.

Mchana Delia naye akaja. Anaondoka Jumatano. Amesema Oregon haijanifungia mlango, na yeye pia hajanifungia, ila nimechelewa. Akanishika uso kwa mikono miwili.

"Nipigie Alhamisi. Usipange kitu. Sema tu lile unalotaka kusema, na mimi nitajibu."

Baada ya kuondoka nimelia kama saa nzima. Kisha nikafungua daftari jipya. Oregon kuna mlima mkubwa na theluji. Theluji haipukutiki! Ukijua siku ya kwanza inayoanguka, ukatokea mlangoni asubuhi hiyo hiyo bila kutarajiwa... Rekodi zao zinarudi nyuma miaka sitini. Nikifanya kazi kwa bidii nitakuwa na tarehe ifikapo Februari.

Alhamisi sitapiga simu. Nikipiga, ataisikia sauti yangu na kujua nina mpango.