Jibi Sitini na Nne

Jumatatu, 4 Novemba

Leo mkuu wa chuo cha uuguzi ameniita ofisini kwake. Nikavaa koti. Nikamkuta shemeji yangu ameshakaa kwenye kiti chenye mto, mguu juu ya mguu. Huyu ni kaka wa mke wangu. Mpiga video kama mimi, studio yake ipo mtaa wa chini. Tangu anunue ile kamera ya kuruka watu wanamwita Droni, naye anaitika kana kwamba ni cheo.

Mama mkuu hakuzungusha maneno. Mahafali ni Ijumaa. Sote wawili turekodi. Jumatatu ijayo tulete filamu zetu, walimu wazitazame, na itakayopendwa, mwenyewe atapewa kazi zote za chuo kwa mwaka mzima. Droni akasema, kwa sauti ya kunihurumia, kwamba hofu yake ni kompyuta yangu tu. Mama mkuu akatabasamu. Tabasamu lile nimelimeza, lakini halijashuka.

Ukweli usemwe, kompyuta yangu imechoka. Ukiibofya inafikiri. Ukiibofya tena inafikiri kwa nini umebofya tena. Kwenye harusi ya juzi bwana harusi aliganda na kijiko mdomoni. Nikaenda kuoga. Nimerudi, bado hajameza.

Shauri nimekata. Kompyuta mpya, wiki hii hii. Limebaki swali moja tu: niiwekee kumbukumbu kiasi gani.

Jumanne, 5 Novemba

Nilipanga kwenda kwa fundi wa kompyuta peke yangu. Mke wangu akasema tutakwenda wote, maana akiba ni ya wote. Yeye ni fundi cherehani. Miezi ambayo watu hawaoani ni nguo zake zinazotulisha. Sikupata pa kushika.

Fundi ni mtu wa kutafuna karanga na kueleza. Akasema ramu ndiyo kumbukumbu ya kufanyia kazi. Hupimwa kwa jibi, yaani gigabaiti. Jibi nane ni za kuandikia barua. Kumi na sita zinatosha video zangu. Thelathini na mbili ni raha. Zaidi ya hapo, kwa kazi kama yangu, ni kutafuta sifa. Ila diski, pale vitu vinapohifadhiwa, isiwe ndogo.

Mke wangu akauliza kama ramu ni meza ya kukatia kitambaa na diski ni kabati. Fundi akasema ndivyo hasa. Basi, akasema mke wangu, meza ya kadiri na kabati kubwa. Wakapeana mikono. Mimi nilikuwa pale pale, nimesimama kama mwavuli wa mtu.

Kumi na sita, basi. Nimekubali kwa mdomo. Moyo haukutia sahihi.

Jumatano, 6 Novemba

Siku ya ushindi.

Asubuhi nilikwenda kwa Droni kuazima kigoda cha kamera, ile miguu mitatu ya kuisimamishia. Kigoda ninacho. Nilitaka kujua yeye ana ramu ngapi. Nikaangusha kalamu makusudi, nikaingia chini ya meza. Nikakuta vumbi, soksi moja na kompyuta isiyoandikwa chochote. Nikatoka na mbinu ya pili: nikamsifu. Hiyo haijawahi kushindwa. Akavimba, akasema ana jibi thelathini na mbili. Halafu akanipigapiga begani.

"Hizo kumi na sita zako ni za watoto wa shule, shemeji. Lakini utajitahidi."

Mimi sikumwambia habari ya kumi na sita. Kumbe nyumba yangu inavuja, na maji yanaelekea kwao.

Kutoka pale sikulaza damu. Moja kwa moja kwa fundi. Nikamwambia aweke sitini na nne. Akaacha kutafuna. Akasema fedha tuliyomwachia haibebi mzigo huo, labda tupunguze mahali pengine. Nikamwambia apunguze diski, aweke ndogo kuliko zote alizonazo. Akauliza kama mama amekubali. Nikamjibu kwamba mimi na yeye ni mwili mmoja.

Sitini na nne. Mara mbili ya Droni. Njiani nilijikuta natembea katikati ya barabara.

Alhamisi, 7 Novemba

Imefika. Nyeusi, ina taa za buluu ubavuni. Nimeiwasha na ilikuwa tayari kabla sijakaa sawasawa kwenye kiti. Nimefungua programu zote nilizonazo kwa mpigo, hata ya kuchora ramani za nyumba, ambayo siijui. Haikutetereka.

Mke wangu alipita, akasema kweli kumi na sita zinakimbia. Nikasema zinakimbia sana.

Niliandika "64" kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa nikaibandika kwenye kioo cha studio, ili Droni aone akipita; mke wangu nilimwambia ni tangazo tu. Mama mmoja akaingia kuuliza kama hiyo ndiyo nambari ya nyumba, maana anatafuta sitini na mbili. Mwingine alidhani ni umri wangu. Akanipongeza kwamba nimejitunza.

Droni alipita jioni. Alisoma, akatembea, akarudi, akasoma tena. Nilikuwa nyuma ya pazia. Nimeshiba bila kula.

Ijumaa, 8 Novemba

Mahafali. Ukumbi ulijaa mpaka wazazi wengi wakabaki nje getini. Mimi na kamera yangu kubwa tulikaa mbele kabisa. Nimechukua kila kitu: maandamano, hotuba zote, vyeti vyote, hata mapazia. Mwenye sitini na nne habagui. Kamera ndogo, ile ya zamani, niliisimamisha kule getini ili kumzibia Droni nafasi nzuri. Nikaiwasha asije akaisogeza.

Droni alirusha mdudu wake wakati mgeni rasmi anasoma. Upepo wa mapanga ukapeperusha karatasi za hotuba. Mgeni rasmi akaruka kutoka ukurasa wa pili hadi hitimisho, na watu wakapiga makofi kwa moyo kuliko wakati wowote wa siku ile. Hata adui yako ana siku anayofanya jambo la maana.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi nilianza kuhamisha picha kwenye kompyuta. Ikaniambia diski imejaa. Sikuwa nimefika hata nusu ya maandamano. Nikafuta michezo, nikafuta ramani za nyumba. Imejaa. Kabati la mke wangu likanijia akilini nikalifukuza.

Mtu wa kawaida angeenda kuazima diski. Mimi nilikaa nikawaza. Sina mahali pa kuhifadhi, lakini nina ramu ambayo imekaa kama uwanja mtupu. Kwa nini nisihifadhi humo humo? Nikatafuta, nikapata programu ndogo inayofanya kipande cha ramu kijifanye diski. Nikamimina mahafali yote mle ndani. Yakaingia.

Sijawahi kufanya kazi kwa raha vile. Unagusa, imekata. Unagusa, imeunga. Kufikia adhuhuri filamu ilikuwa tayari, ndefu, nzito, ina muziki na majina yanayoshuka taratibu, langu likishuka mara kadhaa. Nilipoona hivyo nikazifuta kadi za kamera kubwa. Kompyuta ya jibi sitini na nne haihitaji kadi za kuikumbusha.

Nikatoka kifua mbele kumwita mke wangu aje aone. Yeye alikuwa chumba cha pili, na gauni la mteja, na pasi. Akasema nisubiri ainyooshe mikono tu. Akachomeka pasi. Swichi kuu ikaanguka. Nyumba nzima kimya.

Nilirudisha swichi. Kompyuta ikawaka upesi ajabu. Ile diski ya kujifanya haikuwepo. Hakuna hotuba, hakuna vyeti, hakuna hata pazia.

Nikampigia fundi, nikamweleza yote. Nikamsikia anatafuna, halafu nikamsikia ameacha. Akasema pole sana. Akasema ramu haihifadhi kitu umeme ukizimika, ndiyo maana kuna diski, na akauliza kama kule dukani hakunieleza. Nilimwambia mtandao unakatikakatika.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, pasi mkononi. Alisikia yote, na sitini na nne pia. Hakugomba. Alisema tu kwamba kazi ya chuo ilikuwa itoe ada ya watoto na yeye apumzishe macho kidogo, maana siku hizi anatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Kisha akarudi kwenye gauni. Afadhali angegomba.

Jumapili, 10 Novemba

Sikula asubuhi. Nililala kifudifudi kwenye kochi nikipanga namna ya kuugua kufikia kesho. Homa ni dhaifu. Mgongo unaaminika zaidi, lakini wale ni wauguzi, watanipima.

Mke wangu akaja kufagia. Akauliza kama kamera ya getini nayo niliifuta. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Ilikuwa bado kwenye mkoba, kadi yake ndani.

Tuliketi wote wawili tukatazama. Hakuna hotuba hata moja. Wapo wazazi waliokosa nafasi, wamesimama juani. Baba mmoja anafuta viatu kwa leso, anatazama, anafuta tena. Kila jina linaposikika kwa mbali kwenye spika, kuna mtu pale getini anaruka. Halafu wahitimu wanatoka. Msichana mmoja anamvisha yule baba wa viatu kofia yake. Mzee anakunja mkono wa shati, anamnyooshea binti mkono wake.

"Haya, nipime," anasema.

Binti anamshika mshipa, anatazama saa yake. Mzee amesimama wima, hapumui, kama anayepigwa picha ya pasipoti. Binti anamwambia baba, mapigo yanakwenda mbio. Mzee anasema yamekuwa yakienda mbio tangu siku alipoondoka nyumbani kuja kusoma.

Nyuma yao, kando ya ukuta, yupo mama mkuu wa chuo, anadhani hakuna anayemwona. Amevua viatu. Amevishika mkononi, anacheza peke yake, taratibu.

Mke wangu akajifuta macho kwa kona ya kanga. Akasema nisiweke muziki, nisiongeze kitu. Nilitaka niweke jina langu likizunguka. Akanitazama. Nikaliweka mara moja, mwishoni, dogo.

Kazi yote haikufika chakula cha mchana. Imetosha hata kwenye ile diski.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeshinda. Naandika tena ili nilione: nimeshinda.

Walimu walikaa kwenye chumba chao, mapazia yameshushwa. Droni alitangulia. Filamu yake ilikuwa ndefu kama foleni ya benki, na yote ilitazamwa kutoka mawinguni. Kofia. Paa. Kofia tena. Mwalimu mmoja aliuliza kwa upole yeye ni kofia ipi. Mwingine alikuwa ameshalala, na hakuna aliyemwamsha.

Kisha yangu. Mwanzoni minong'ono. Wakauliza hotuba ziko wapi. Halafu yule mzee akakunja mkono wa shati, na chumba kikatulia. Binti alipotazama saa nilisikia mtu akivuta kamasi. Mama mkuu alipojiona na viatu mkononi akaziba uso, na nikajua nimekwisha. Alipoondoa mikono alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Akasema amefundisha kupima mapigo tangu ujana wake, na hajawahi kuona yakipimwa vizuri hivyo. Akasema kazi ni yangu.

Droni alinipa mkono. Ulikuwa baridi. Akaniuliza, kwa unyonge ambao nitauhifadhi, siri ni nini.

Nikamwambia: sitini na nne.

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanikumbatia, pini za nguo kifuani na zote zikanichoma. Sikulalamika.

Jumanne, 12 Novemba

Nimewaza kwa utulivu nikaona yote yalipangika. Bila sitini na nne nisingekosa diski. Ningekuwa na diski, nisingepoteza filamu. Nisingepoteza filamu, ningewapelekea mapazia na hotuba. Kwa hiyo ramu ndiyo iliyoshinda. Nilimweleza mke wangu hoja hii hatua kwa hatua. Akasema anakwenda sokoni.

Aliporudi akanipa bahasha. Chuo kimetoa malipo ya awali, na yeye ameongeza ya gauni. Ninunue diski kubwa, na betri ya akiba ya kompyuta, ili umeme ukikatika kazi isipotee. Akanifanya nirudie maneno hayo kwa sauti, kama mtoto anayetumwa dukani. Nikarudia vizuri.

Jumatano, 13 Novemba

Nilikwenda kwa fundi nikiwa na nia njema kabisa. Diski na betri. Hayo maneno yalikuwa mdomoni.

Mlangoni nikapishana na Droni akitoka, amekumbatia kiboksi kidogo, hanitazami. Nikamuuliza fundi amenunua nini. Fundi akasema siri za wateja hazitoi. Nikamsifu. Akasema: sitini na nne.

Mtu na heshima zake angefanya nini? Nikauliza habari ya mia moja ishirini na nane. Fundi akaweka karanga chini, akasema ubao wa kompyuta yangu, pale ramu zinapochomekwa, hauwezi kupokea kiasi hicho. Nikamwambia abadilishe ubao. Akauliza, na diski je? Nikamwambia ile ndogo imeshatuletea bahati. Akauliza, na betri? Nikamweleza kwamba kukatika kwa umeme ni jambo la nadra, lilitokea mara moja tu, na lilikuwa kosa la pasi. Akaniuliza kama mama amekubali.

Kompyuta ipo mbele yangu sasa, na ubao mpya. Mia moja ishirini na nane. Hakuna mtu katika mji huu mwenye nyingi kuliko mimi. Bado sijaiona ikiwaka. Naandika haya karibu na dirisha, kwenye mwanga uliobaki, maana mtaa mzima hauna umeme tangu mchana.