Ombi la Kuhamishia Kushoto Kona za Mteremko wa Lukumburu

Kumb. Na. MSJ/G/17
Songea,
Jumatatu, 17 Mei 1993

Msimamizi wa Kambi ya Barabara,
Lukumburu.

Ndugu Msimamizi,

Yah: KONA ZAKO KUPINDA UPANDE USIOLIFAA GARI LETU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na barabara yako. Mimi ni Polikarp Haule, karani wa masijala katika shirika dogo la pembejeo hapa mjini. Nina miaka ishirini na tatu, nimemaliza kidato cha sita, na sijawahi kumlalamikia mtu kwa maandishi. Leo nakulalamikia wewe, kwa agizo la Meneja wangu, ambaye Ijumaa iliyopita alitamka mbele ya wafanyakazi wote: "Gari ni zima. Barabara ndiyo mbovu. Karani, waandikie!" Mimi ni mtu wa kutii, hasa mwaka huu ambapo kila wiki tunasikia kwamba shirika litapunguza watu.

Ili uone haki ya ombi letu, sina budi kukueleza kwanza habari za breki.

Gari la ofisi ni Peugeot 504, kongwe kuliko baadhi yetu tunaolipanda. Magurudumu yake ya mbele husimamishwa na sahani za chuma ziitwazo diski, zinazobanwa na vibao viitwavyo pedi. Mwezi Machi fundi Beda wa Mfaranyaki alilifungua, akatuonyesha pedi zilizobaki bati tupu na diski zilizoliwa mpaka zikawa na mifereji. Aliandika mahitaji kwenye kipande cha boksi: pedi nne, diski mbili. Zamani karatasi kama hiyo ingepelekwa Dar es Salaam na tungesubiri jibu mpaka mahindi yapandwe na kuvunwa. Siku hizi soko ni huria. Pale jirani na soko kuu pedi zinaning'inia juu ya kaunta pamoja na ndala na betri za redio. Meneja alitoka chai ikiwa ya moto, akarudi kabla haijapoa, mkononi ana boksi la pedi nne na diski moja.

Ikabaki kazi ya kugawa. Labda kambini kwako mmeshaacha, lakini ofisini kwetu desturi ya mgao haijafa. Katika miaka ya shida sabuni iligawanywa kwa cheo, sukari kwa cheo, mablanketi kwa cheo: Meneja kwanza, wengine awamu ya pili. Sasa vitu vimejaa madukani na sisi bado tunagawana hivyo hivyo. Kwa kuwa Meneja hukaa kiti cha mbele kushoto, aliagiza diski mpya na pedi mbili zifungwe kwenye gurudumu lililo chini ya miguu yake. Gurudumu la kulia, ambalo ni la dereva na langu mimi ninayekaa nyuma yake pamoja na mafaili, likaandikwa awamu ya pili. Pedi zake mbili zipo. Zimefungiwa ndani ya kabati la Meneja pamoja na vikombe vya wageni, na ninaziona kupitia kioo kila asubuhi nikipeleka barua. Kutoka mezani kwangu ni hatua tisa. Sijapata ujasiri wa kuziulizia.

Fundi Beda alikataa kwanza. Alisema, "Bosi, nimefunga breki tangu Peugeot hizi zinaletwa mpya, sijaona gurudumu lenye cheo." Meneja akamjibu, "Wewe funga. Utawala niachie mimi." Akafunga.

Tangu siku hiyo gari letu lina tabia moja. Ukikanyaga breki, gurudumu la Meneja linasimama na lile letu linaendelea na safari, kwa hiyo gari zima linageuka kushoto kama mtu aliyeitwa ghafla. Dereva wetu, Saleh, mtu wa Nalasi kule Tunduru, alinipa maelekezo: "Karani, wewe shika dua, mimi nashika usukani. Ukiona tunaingia kushoto usipige kelele, ndiyo breki yenyewe hiyo."

Kwa msingi huo, na kwa heshima zote, malalamiko yetu dhidi yako ni haya:

1. Kona. Kwa hesabu ya Saleh, anayeshuka Lukumburu kurudi Songea hukutana na kona saba kali za kulia. Upande wa kushoto wa kona hizo uliweka bonde. Sijui ulifikiria nini. Gari letu likifunga breki linakwenda kushoto kwa utii kamili, na hapo linapoitii breki halikuti barabara. Tunaomba kona hizo saba zipindwe kushoto kabla ya Alhamisi. Kama kupinda ni kazi kubwa, bonde lihamishwe.

2. Watu wa kushoto. Naomba nisieleweke vibaya, najua Lukumburu hakuna mji, lakini yaliyotokea hapa yanaweza kutokea kwako. Ijumaa, kumpisha mbuzi pale Bombambili, tulikanyaga breki na kufika hadi mafigani kwa Mama Walburga, muuza maandazi. Hakuumia mtu. Karai la mafuta lilimwagika sentimita chache kutoka miguuni kwake. Alisimama na mwiko mkononi, akapaza sauti mtaa mzima ukasikia: "Mwambieni bosi wenu, akitaka maandazi ashuke anunue kama watu! Asiyafuate jikoni na gari!" Kisha akaniona nyuma na mafaili yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Na wewe Poli, mama yako anajua unapanda hili?" Hajui. Tunaomba utoe tangazo kwamba watu wote, mifugo na biashara wahamie upande wa kulia wa barabara. Wale watakaokuwa wanatoka upande wa pili, ambao kulia kwetu ni kushoto kwao, watajijua.

3. Mteremko wenyewe. Hapa nagusa jambo linalonihusu. Miguuni pangu, chini ya mafaili, nimewekewa gogo la mkaratusi. Nimeagizwa kwamba gari likikataa kusimama niruke nje na kulisukumiza gogo hilo chini ya tairi. Nina cheti cha kuchapa maneno arobaini kwa dakika. Nimekisoma mbele na nyuma, hakisemi lolote kuhusu kuruka. Basi tunaomba Lukumburu iwe na kupanda tu: kupanda kwenda Njombe, na kupanda kurudi Songea. Nilifaulu jiografia, najua ugumu wake. Nilifaulu pia fizikia ya kidato cha nne, lakini fizikia haijawahi kushinda kikao cha ofisi yetu hata kimoja.

4. Magari ya wenzetu. Malori na mabasi yanayopita kwako yana breki pande zote mbili. Tunaona huo ni ubinafsi. Tunaomba yaagizwe kusimama kila yanapotuona, kwa niaba yetu.

5. Lugha ya vibao vyako. Kibao kinachosema "Punguza Mwendo" kinamdhalilisha Meneja, maana kinatoa amri bila kuuliza kama mhusika ana uwezo wa kuitekeleza.

Utauliza kwa nini nina haraka. Alhamisi hii, tarehe 20, tunakwenda Njombe kwenye mkutano na kurudi siku hiyo hiyo alasiri. Ni Sikukuu ya Kupaa Bwana. Mimi ni Mkatoliki na nilikusudia kuiadhimisha kwa kwenda Misa. Sikukusudia kupaa. Nilijaribu kuomba ruhusa. Meneja alisema kwa upole, "Polikarp, kuna vijana wengi sana mitaani wenye kidato cha sita." Nikarudi masijala, nikapanga mafaili ambayo yalikuwa yamepangwa.

Ndugu Msimamizi, sina nia ya kumsema vibaya kiongozi wangu. Ni mtu makini. Anayo miavuli miwili, huzima taa mwenyewe, na hawezi kunywa maji ambayo hayakuchemshwa. Amini nikikwambia hajawahi hata mara moja kuhatarisha maisha yake kwa makusudi. Anachoamini, kwa dhati kabisa, ni kwamba gari likipinduka upande wake utabaki juu, maana ndio wenye vipuri vipya. Barua zangu huziidhinisha baada ya kusoma salamu tu, na ya leo amekwisha kuiidhinisha. Alisema salamu ni nzuri.

Nisalimie vijana wote wa kambi, wenye sululu na wenye bendera. Wasalimie wapishi wenu. Kama kuna paroko jirani, msalimie naye, na umwambie gari ni jeupe.

Wako katika kazi,

Polikarp Haule
Karani wa Masijala
Kny: MENEJA WA TAWI

Nakala: Dereva Saleh, kwa taarifa.

N.B. Naomba barua hii yote uihesabu kama haikuandikwa. Saleh ameisoma nakala yake akiwa amesimama, amesema "Alhamdulillahi, kumbe si mimi peke yangu ninayeona," ameweka ufunguo wa gari juu ya meza yangu na kupanda basi la Tunduru kwenda kusafisha mikorosho ya mjomba wake. Meneja ametangaza kwamba Alhamisi ataendesha mwenyewe. Kwa kuwa sasa atakaa kulia, fundi Beda ameitwa mchana huu huu, na diski mpya na pedi zake zimehamishiwa kulia. Sasa tukifunga breki tutakwenda kulia, kwa hiyo kona zako saba ziko sahihi kabisa na tunakupongeza. Kiti cha mbele kushoto nimepewa mimi. Wenzangu wamenipa mkono, wanasema nimepanda cheo. Kama bado hujachoka na mimi, nina ombi moja tu badala ya yale matano: Alhamisi asubuhi ifunge barabara. Sababu yoyote utakayoona inafaa, nitumie, nitakuchapia mwenyewe.

P.H.