Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi

Jumatatu, 9 Februari

Maji ya rejeta yamepungua tena. Jumamosi nilijaza hadi kwenye alama, leo kitangi kitupu. Chini ya gari hakuna hata tone. Nimetandika maboksi uvunguni, nimeyakagua kwa miwani. Makavu.

Na Jumapili mwanangu Vukašin anaoa. Gari la kwanza kwenye msafara wa kumfuata bibi harusi ni langu, bendera dirishani, bwana harusi kando yangu. Ameomba mwenyewe. Kasema mama yake, Mungu amrehemu, alitoka naye hospitali akiwa kichanga ndani ya gari hili hili, basi hataki jingine. Nilitoka nje nikajifanya naangalia hali ya hewa.

Shemeji yangu Ratomir, kaka wa marehemu mke wangu, ana gereji pale chini ya kanisa. Simpelekei ng'o. Akigusa boneti yangu, jioni kijiji kizima kitajua, kisha atasema msafara uongozwe na lile jeusi lake jipya. Analipigia chapuo tangu Krismasi.

Jumanne, 10 Februari

Nimegundua. Ratomir ananifyonzea maji kwa siri. Nani mwingine anafaidika? Nimemwaga majivu juu ya theluji kuzunguka gari. Akija, nyayo zitamtaja.

Jumatano, 11 Februari

Nyayo zimepatikana. Za viatu vyangu, na za kuku wa jirani yangu Grozdana. Mwenyewe alisimama kwenye uzio akauliza mzee mwenzangu, unapanda nini kwenye theluji? Nikasema majivu yanazuia kuteleza. Akasema vizuri, basi nimwagie na ngazi zake. Nimemaliza ndoo nzima kwa Grozdana. Mgongo unauma.

Mchana nikajaribu dawa ya marehemu baba: yai bichi ndani ya rejeta. Likiiva linaziba ufa. Nilitia matatu, kwa uhakika. Gari linanuka kimanda kilichosahaulika jikoni. Maji bado yanapungua.

Alhamisi, 12 Februari

Nimekwenda kwa Ratomir kwa ujanja. Nikamwambia nina rafiki, wa kijiji cha mbali, gari lake linameza maji bila kuvuja. Ratomir akaendelea kufuta mikono. Akauliza rafiki huyo ametia nini kwenye rejeta. Nikasema maji, na rakia kidogo, pombe yetu kali ya plamu, ile ya kwanza kutoka mtamboni isiyonyweka, kwa sababu haigandi kwa baridi. Kidogo kiasi gani? Nusu kwa nusu, nikasema.

Akakaa juu ya tairi akacheka hadi akashika mbavu. Akasema nimwambie rafiki yangu rakia inachemka kabla ya maji. Inageuka mvuke, inatokea kwenye kifuniko, inakwenda zake. Atatafuta tone uvunguni mpaka azeeke.

Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo nilipoogopa. Akauliza kama moshi wa nyuma ni mweupe, na kama chini ya kifuniko cha oili kuna ute kama maziwa mgando. Nikasema rafiki hajaangalia. Basi aangalie. Ukiwepo, ameendesha bila maji mpaka gasketi ya silinda hedi imeungua, na sasa injini yenyewe inakunywa. Alete gari leo, Jumamosi atalichukua. Akaongeza polepole kwamba habari za rafiki huyo hatamwambia mtu.

Nikasema nitafikisha salamu.

Nimeangalia. Ute upo.

Ijumaa, 13 Februari

Sipeleki. Amejua, nimeona macho yake. Huruma ya Ratomir ni mbaya kuliko kicheko chake. Nina mpango bora: maji matupu, mwendo wa pole, na kipasha joto cha ndani kifunguliwe mpaka mwisho ili kiipunguzie injini moto. Nimejaribu hadi darajani, gari safi kabisa. Darajani ni mteremko mtupu, lakini safi ni safi.

Jumapili, 15 Februari

Tulitoka vizuri. Bendera, tarumbeta, honi, foleni ya magari nyuma yangu. Vukašin alitokwa jasho ndani ya suti yake akavumilia. Tukaanza kupanda mlima, na mshale wa kipimo cha joto ukapanda nasi. Kwenye kona kali mpira wa maji ukapasuka. Mvuke kila mahali, na vipande vya yai juu ya kioo. Barabara nyembamba, msafara wote ukasimama. Wapiga tarumbeta waliendelea kwa heshima, kisha wakaacha.

Ratomir alishuka, akafungua boneti yangu, akatazama, akaifunga. Afadhali angecheka. Wakanisukuma pembeni. Bendera ikahamia gari jeusi. Vukašin akanifungulia mlango wa nyuma. "Ingia, baba, padri anasubiri." Nafasi ilikuwepo. Nikasema watangulie, injini ikipoa nitawakuta. Akasema tena, ingia. Nikasema siwezi kuliacha gari la mama yako mlimani.

Uongo. Sikutaka watu wanione nikishuka kwenye gari la Ratomir.

Nilifika kanisani kwa trekta la kubeba maziwa. Mishumaa imezimwa, watu wanatoka. Walikuwa wanapiga picha mlangoni. Mkamwana wangu mzuri kweli. Kando ya mwanangu, mahali pa baba, amesimama Ratomir. Najuta. Naandika hapa kwa sababu hakuna wa kumwambia, lakini najuta sana.

Jumatatu, 16 Februari

Vukašin amepiga simu. Hakugomba, na hilo limeniumiza zaidi. Jumapili ijayo wakwe wanakuja kula kwake na mkewe kule mjini, mlo wa mwisho kabla ya mfungo wa Pasaka. Mjomba atanipitia, kasema.

Nikamwambia asimsumbue mjomba. Gari limeshavutwa hadi nyumbani, mpira nimeuzungushia plasta. Nitatoka mapema na madumu ya maji kiti cha nyuma, nitajaza kila kona, nitafika tu.

Kisha akasema, "Baba, kwa mjomba nafasi ipo. Hata jana ilikuwepo."

Nikasema vizuri, basi Ratomir aweke koti lake hapo. Nikakata simu, nikaenda kujaza madumu.