Habari za Kipupwe za Darasa la Pili A

Jumatatu, 14 Julai

Baridi imeingia Miyuji, na upepo wake. Nimefika shuleni na sweta mbili, pua inachuruzika, na hata chai sijaonja, Mwalimu Mkuu Mama Ruthu akatuita ofisini. Habari mbaya. Mbaya sana!

Kuna shule shikizi, tawi dogo njia ya Mtera, isiyo na mwalimu wa madarasa ya chini. Mmoja wetu ataenda: ama mimi, mwalimu wa Darasa la Pili A, ama Mwalimu Sidonia wa Pili B. Mama Ruthu anasema hapendelei mtu. Ijumaa Afisa Elimu Kata atakuja kusikiliza watoto wakisoma Habari za Kipupwe mstarini, mbele ya shule nzima. Ambaye watoto wake hawajui kusoma, afungashe. Mwalimu Sidonia akauliza watoto wa huko wamekosa nini mpaka wapelekewe mwalimu aliyeshindwa. Alikuwa ananitazama mimi.

Habari za Kipupwe ni kawaida yetu kila Julai. Watoto wanaleta habari za baridi kutoka nyumbani, zinaandikwa kwenye karatasi ya manila, karatasi inabandikwa kwenye ubao ulio karibu na mlingoti wa bendera, darasa zima linasoma kwa sauti huku mtoto mmoja akifuata maneno kwa fimbo. Jambo dogo. Tatizo ni kwamba watoto wangu hawajui kusoma.

Wako sabini na mmoja. Muhula wa kwanza akili yangu ilikuwa Hombolo kwenye miche yangu ya zabibu. Miche ilikauka. Watoto nao wamebaki ba, be, bi, bo, bu. Zimebaki siku nne.

Jumanne, 15 Julai

Nimepata dawa! Kwa nini wasome, wakati wanaweza kukariri? Watoto hawa wanajua matangazo yote ya redio tangu mwanzo hadi mwisho. Mistari mitano itawashinda?

Habari nimeandika mwenyewe. Walizoleta wao zilikuwa za aibu tupu. Uwesu: baba yake ameoga mara moja tangu Jumamosi. Tabu: bibi yake amehamishia mbuzi jikoni kwa sababu ya baridi, na sasa mbuzi hataki kutoka. Nikamwambia hiyo si habari, hilo ni tatizo la bibi yake. Mimi nimeanza hivi: “Katika kipindi hiki cha kipupwe, halijoto ya uwanda wa juu hushuka kwa kiwango cha kuridhisha.” Kiwango cha kuridhisha! Afisa atauliza mwalimu huyu alisomea wapi.

Uwesu atashika fimbo. Ana sauti ya kuuza samaki na haogopi mtu. Nimemfundisha kuhesabu: kila pumzi, neno moja kulia.

Tabu nimemrudisha kwenye kazi yake. Tangu Februari namweka nje, kwenye jua, chini ya dirisha la Pili B, aniambie Mwalimu Mkuu akitoka ofisini. Ni mpole, hana haraka, ukimwambia aimbe na wenzake anabaki nyuma maneno mawili. Nje anafaa zaidi. Leo amekohoa mara mbili, ishara yetu, na mara zote mbili nikakutwa naandika ubaoni. Mtoto mwaminifu.

Jumatano, 16 Julai

Mstari wa tatu umeingia. Sauti nzuri, paa linatetemeka. Mama Ruthu amepita dirishani akasimama kusikiliza na akatikisa kichwa. Cha kukubali au cha kusikitika? Nimekifikiria kichwa hicho mpaka saa nane mchana.

Nikaenda Pili B kuazima chaki. Chaki ninazo, nilitaka kuona. Ole wangu! Watoto wanaandika wenyewe, kila mmoja habari yake, maneno yamepinda lakini yanasomeka. Mwalimu Sidonia ananyoosha kidole kwenye neno lolote, mtoto yeyote analisoma. Lolote! Nikaegemea kabati.

Akaniuliza kama nina pini za kubandikia karatasi, maana yeye ana boksi zima, na upepo wa mwezi huu si wa kuchezea. Nikamtazama. Mtu anayetaka nipelekwe Mtera ananigawia pini? Mtego wa wazi. Nikamwambia nashukuru, nina gundi yangu ya kisasa.

Sina gundi.

Nimemwomba mke wangu Anjelina anipikie uji mzito wa ngano. Akauliza kama naumwa. Nikasema ni wa karatasi. Alinikorogea huku amenipa mgongo.

Alhamisi, 17 Julai

Mazoezi ya mwisho. Mistari yote mitano, mara kumi na mbili, bila kosa. Nimegeuza karatasi kichwa chini kuwajaribu: wamesoma vilevile! Furaha ilinipanda mpaka nikawapa mapumziko ya dakika kumi.

Mashaka mawili yamebaki. La kwanza, Mama Ruthu ametangaza kwamba kesho watoto wote wasimame mbele, kwa majina, rejesta mkononi. Kwa hiyo na Tabu. Nimemweka pembeni mwa mstari wa mbele, maana ni mfupi, nikamwambia achezeshe midomo tu. Akaniuliza midomo ikicheza na macho yafanye nini. Watoto wa siku hizi wana maswali!

La pili ni upepo. Leo umebeba rejesta yangu hadi kwenye michongoma, na kofia ya mlinzi hatujaiona mpaka sasa. Lakini nimebandika karatasi kwa uji, safu tatu. Nimeivuta. Imekaa kama ukuta. Mwalimu Sidonia amepita, akaivuta naye kidogo, akaniambia ngano ikikauka kwenye baridi kavu kama hii huwa inabanduka. Wivu tu huo.

Kula sikuweza. Naogopa. Naandika kwa kuwa hakuna anayesoma: naogopa sana kupelekwa kule. Nina miaka arobaini na nne, magoti mabovu, na sijui kuanza upya na watu.

Ijumaa, 18 Julai

Nitaandika polepole.

Afisa Elimu Kata, Bwana Abdulwahab, alifika saa mbili, koti limefungwa mpaka kidevuni. Shule nzima mstarini, meno yanagongana. Pili B wakatangulia. Walisoma kwa kusitasita, mmoja akakwama kwenye neno “blanketi”, akarudia, akalipata. Afisa akaandika kitu. Nikajisemea moyoni, kusitasita huko kumemmaliza Sidonia.

Ikaja zamu yetu. Uwesu akainua fimbo. “Katika kipindi hiki cha kipupwe!” Sauti sabini! Vumbi lilikuwa limeanza kuinuka kule uwanjani lakini sikulijali. Mstari wa kwanza, safi. Wa pili, safi. Afisa akaanza kutabasamu, na mimi nikaanza kuiona picha yangu ukutani ofisini kwa Mama Ruthu: mwalimu bora.

Upepo ukaja katikati ya mstari wa tatu. Nilisikia sauti moja tu, krrr. Uji ulibanduka kwa pamoja, safu zote tatu, na karatasi ikapaa juu ya vichwa vya Darasa la Sita.

Hawakunyamaza! Uwesu aliendelea kusogeza fimbo kwenye mbao tupu, neno baada ya neno, na nyuma yake sauti sitini na tisa zikasoma mstari wa tatu wote, wa nne wote, wa tano wote, macho makavu mbele kwenye ubao usio na kitu. Wakamaliza kwa pamoja. Uwesu akateremsha fimbo, akainama kwa heshima kama nilivyomfundisha.

Bendera ilisikika ikipepea.

Mmoja tu alikuwa amenyamaza tangu karatasi iondoke. Tabu. Akanyoosha kidole akasema, “Shikamoo mzee. Samahani, mimi sijamaliza. Karatasi imeondoka.”

Bwana Abdulwahab akamwuliza alikuwa amefikia wapi. Tabu akasema kwenye “hushauriwa”. Akakimbia kwenye michongoma, akairudisha imechanika, akaitandika chini, akaweka vijiwe pembeni isiondoke tena, akapiga magoti. Akasoma. “Wa-zazi hu-sha-u-ri-wa.” Alisoma mpaka mwisho. Alichukua muda mrefu kupita wote na hakuna aliyecheka.

Afisa akamwuliza nani amemfundisha. Nikaweka kola sawa. Tabu akasema yeye huwa anakaa nje chini ya dirisha la Mwalimu Sidonia, kila siku, na herufi anaziandika mchangani kwa kijiti. Akaulizwa anakaa nje kufanya nini. Mungu wangu! Akasema, “Mwalimu Anselmi ananituma nimwangalizie Mwalimu Mkuu.” Kisha, ili kunisaidia, akaonyesha kikohozi.

Jumamosi, 19 Julai

Nimelala na blanketi usoni. Anjelina kaniletea uji. Nimekataa kuutazama.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeitwa ofisini. Mama Ruthu alikuwepo, na Mwalimu Sidonia, na barua juu ya meza.

Sihamishwi! Anakwenda Mwalimu Sidonia, kwa kuomba mwenyewe. Amemwandikia Afisa kwamba watoto wa huko wanahitaji mwalimu, si adhabu. Ataondoka mwisho wa Agosti. Mpaka siku hiyo, mimi nitakuwa nakaa Pili B kila siku saa sita, kwenye dawati, pamoja na watoto, nione kusoma kunavyofundishwa. Tarehe 29 Agosti Afisa atarudi kusikiliza darasa langu. Wakishindwa, hapatatafutwa shule ya kunipeleka: kazi itakuwa imekwisha.

Mwalimu Sidonia ameniachia boksi lake la pini. Nilimwambia asante.

Nimekaa kwenye lile dawati leo, magoti kidevuni, nimewaza kwa makini sana. Ijumaa nilikosea wapi? Nimelipima jambo hili kila upande na jibu ni moja: uji. Mpango ulikuwa mzima kabisa. Sauti zilikuwepo, fimbo ilikuwepo, kiwango cha kuridhisha kilikuwepo. Karatasi ndiyo iliyotuangusha.

Kwa hiyo mchana nimenunua misumari ya inchi mbili, robo kilo, na nimeazima nyundo kwa mlinzi. Nimeandika habari mpya, mistari minane, hakuna upepo utakaoing'oa. Nimeanza kuwakaririsha leo leo, wiki tano mapema! Sabini wameshafika mstari wa tatu.

Tabu tu ndiye anayeturudisha nyuma. Nimemwingiza ndani, sitamweka tena chini ya madirisha ya watu. Lakini hata leo, tumepiga kengele ya kutoka, yeye bado yuko mstari wa kwanza. Anausoma.